Springi ya Nyuma

Mwaka ule wote nilimsikia yaya kabla sijamwona. Kwanza kiganja chake kikipapasa ukuta, upande wa pili wa pazia lililokigawa chumba chetu. Kisha kucha zikikwaruza plasta, maana hapo ndipo aliposhika ili ajivute kutoka kitandani. Kisha pumzi iliyozuiwa, ndefu kiasi kwamba nami nilijikuta nimeizuia yangu. Halafu sauti yake, ndogo, ikisema: "Haya." Hapo ndipo kulipokucha nyumbani kwetu.

Yaya ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa sisi tuliotoka Bukavu. Tulikuwa watatu katika chumba kimoja cha Nateete, hapa Kampala, nyuma ya soko: yeye, mkewe, na mimi niliyekuwa nikisoma chuo cha Kyambogo na kurudi jioni na vumbi la mji mzima kwenye viatu. Shemeji aliuza vitenge akivibeba begani, mtaa kwa mtaa. Yaya alikuwa mtu wa bodaboda mpaka siku gari la mizigo liliporudi kinyumenyume bila kutazama na kumbana mgongo kwenye ukuta wa mfereji. Alilala msimu mzima wa mvua. Shemeji alimlisha, akamwosha, akamgeuza ubavu huu na ubavu ule ili ngozi isioze, na vitenge vyake vikakaa kwenye pembe ya chumba vikinuka unyevu. Mapenzi niliyoyaona mimi yalikuwa beseni la maji ya vuguvugu na mwanamke aliyekunja mikono ya blauzi.

Aliposimama tena, daktari alimwambia bodaboda basi. Baiskeli anaweza, itamrudishia nguvu za miguu, mradi apate isiyompiga kutoka chini. Kila kishindo cha barabara, alisema, hupanda mpaka kwenye ile pingili ya mgongo iliyochomoza, na siku kishindo kikiwa kikubwa pingili itaubana mshipa wa fahamu, na miguu haitajibu tena. Shemeji alilisikia kila neno. Yaya alisikia "baiskeli."

Baiskeli ndiyo ilikuwa ujana wake. Kule kwetu alisambaza mikate kabla ya jua kutoka, akishuka vilima vinavyoangalia ziwa, soli ya kandambili ndiyo breki, na wanawake waliochelewa kuwasha moto wakimsikia akipita wanajua wamechelewa. Sasa kulikuwa na bwana mmoja aliyewapeleka wageni kuendesha baiskeli kwenye vilima na misitu nje ya Kampala. Alitafuta waongozaji wa Jumamosi, na mwongozaji sharti aje na baiskeli yake ya milimani.

Za milimani ziko aina mbili, na waendeshaji wa hapa wana majina yao. Ile yenye springi mbele peke yake, nyuma chuma kitupu, wanaiita hadteli. Yenye springi mbele na nyuma wanaiita fulu. Hadteli ni nyepesi, inapanda mlima bila kupoteza nguvu, na ikiharibika kila fundi anaiweza. Lakini jiwe unalolipita linakufikia zima zima. Fulu ina shokapu chini ya kiti, mtungi mdogo wa hewa na mafuta unaokimeza kishindo kabla hakijamfikia aliyekaa. Lakini ni nzito, na ina viungo vingi vya kuchakaa. Katika nyumba yetu hayakuzungumzwa mengine.

"Fulu ni kitanda," yaya alisema. "Mimi nimechoka na kitanda, mama."

"Bora kitanda chenye magurudumu, papa, kuliko kile nilichokufulia mashuka," shemeji akajibu, maana kwetu mke na mume huitana papa na mama.

"Kwenye mlima inakunywa nguvu za mtu. Unakanyaga, yenyewe inabonyea tu, inabonyea tu, kama bibi harusi anaingia kanisani."

"Basi utafika nyuma ya wageni. Watakungoja. Wana muda, ndiyo maana ni wageni."

Yaya akanigeukia. "We msomi, sema kitu."

Nikasema daktari alikuwa upande wa shemeji.

"Daktari anapanda gari," akajibu.

Tulikwenda watatu siku ya Jumapili, tumetoka kanisani, shemeji bado katika kitenge chake kizuri. Ulikuwa uwanja wa baiskeli kuukuu zinazoshushwa kutoka kwenye makontena, zimetundikwa kwa magurudumu ya mbele kama nyama buchani. Muuzaji, mtu mnene wa hapahapa Buganda, alitufahamu kabla hatujafungua mdomo.

"Karibu ba-Congo! Leo muziki iko wapi?"

"Tumeuacha nyumbani unapika," shemeji akamjibu, na yule mtu akacheka mpaka akashika nguzo.

Alishusha mbili, akazisimamisha kando kwa kando. Hadteli ya kijani, iliyochubuka shingoni. Fulu nyekundu, nzuri kupita mahali ilipokuwa.

"Hii nyekundu, nyabo," akamwambia shemeji, "ni mto ya kulala. Kalia! Haiumi."

Shemeji alikalia kweli, akajidundisha mara mbili. Baiskeli ikashuka, ikapanda. Akateremka na kukiweka sawa kitenge chake.

"Hii."

"Sebo, mke yako amemaliza," muuzaji akamwambia yaya. "Wewe sasa uko na kazi ya kukanyaga tu."

Yaya hakucheka. Aliomba kuijaribu ya kijani. Akaipandisha kichochoro kilichokuwa ubavuni mwa uwanja, kati ya mabanda ya wachomeleaji, na tukamwona akiinuka kutoka kitini, mabega yakienda huku na huku, mgongo ule ambao kwa muda mrefu nilikuwa nimeuona umelazwa au umeinama sasa umechongoka juu ya kitu kinachomtii. Kilima kilimchukua kikamficha. Kisha akashuka kwa mwendo uliowafanya watu wavute watoto wao, shati limejaa upepo, na alipofunga breki mbele yetu uso wake ulikuwa uso ambao mimi niliujua zamani, nikiwa mdogo, nikimngoja mlangoni aniletee mkate wa mwisho.

"Umeniona?"

"Nimekuona," shemeji alisema. Alikuwa anafungua fundo la kitenge alimohifadhi pesa. "Nimeuona na uso wako. Ndiyo maana hiyo siitaki. Ukiwa nayo utashindana."

"Nashindana na nani? Na wageni wazee?"

"Na yule wa Bukavu."

Tulirudi na nyekundu. Njiani, tukiisukuma kando ya mfereji, shemeji aliongea bila kumwangalia yeyote.

"Nimeuuguza mgongo huu mara moja, papa, na sijuti. Mara ya pili atauuguza mwingine. Sitakuwa nimekasirika. Nitakuwa tu nimeisha."

Yaya akasema amesikia. Nadhani safari hii alisikia.

Na kwa muda ilikwenda vizuri. Alipewa Jumamosi zake. Alilalamika kwamba kwenye mlima anaachwa na wasichana wa chuo, akamwiga bibi harusi wake mwekundu akibonyea, na shemeji akacheka na pini za nywele mdomoni. Maumivu yalipungua. Asubuhi zikawa fupi. Siku moja nilimkuta amejikunja kabisa akifunga kamba za viatu, kitu ambacho mkewe ndiye aliyekuwa akimfanyia, na wote wawili wamenyamaza, kama watu wanaotazama ndege aliyetua karibu na hawataki aruke.

Kisha kwenye sakafu, pale baiskeli ilipolala pamoja nasi, kukaonekana doa jeusi la mafuta. Shokapu ilikuwa inavuja. Ukiijaza hewa asubuhi, mchana imekwisha, na fremu imekaa chini kama mbwa. Yaya alirudi kwa muuzaji.

"Mpira yake ya ndani haiko Uganda hii," yule bwana alimwambia, na safari hii hakutania. "Labda kontena ingine. Labda."

Wageni walikuwa wanakuja Jumamosi. Mwenye safari alikwisha sema: asiye na baiskeli nzima akae, wengine wanangoja. Ndipo yaya akaniambia nimsindikize Katwe, mtaa wa mafundi chuma.

Katwe haikubali kwamba kitu kimekufa. Hiyo ndiyo fahari yake, na mimi niliyekulia katika kukimbia vita naipenda. Ukienda na jiko lililotoboka, kesho ni jiko. Ukienda na mashine iliyotengenezwa ng'ambo ambayo kipuri chake hakijulikani, watakitazama kile kilichokosekana na kukichonga kwa chuma, kizito na cha kudumu kuliko cha kwanza. Fundi tuliyempata aliitoa shokapu, akaipima urefu kwa kijiti, akakata kipande cha chuma kigumu urefu uleule, akatoboa matundu mawili, akakifunga kwa bolti mahali pale. Kazi ilikwisha kabla chai yetu haijapoa.

"Ile ilikuwa inapumua kama mgonjwa," alisema, kwa Kiswahili alichojifunza jeshini. "Hii haipumui. Haiumwi, haikufi."

Yaya akacheka. Nikamuuliza kama sasa hii si hadteli tu.

"Ni mbaya kuliko hadteli," akasema kwa furaha kabisa. "Uzito wa fulu, ugumu wa hadteli. Lakini inakwenda."

"Omba kwa mtu akuazime, Jumamosi hii tu."

"Nani atamwazima Mkongomani baiskeli kama hizi, mdogo wangu? Wewe ungeniazima?"

Hakuificha. Jioni aliiegesha mbele ya jiko, na shemeji akaweka mwiko chini, akakigusa kile chuma, bado kina rangi ya bluu ya moto pembeni.

"Inabonyea?"

"Haibonyei. Ni ya muda, mama. Mpaka kontena."

"Usiende Jumamosi."

"Nisipoenda watampa mwingine."

"Wampe."

"Na mimi nitakuwa nani humu ndani? Nitakuwa yule uliyemuuguza, basi."

Shemeji aliuokota mwiko, akautazama kama umemjibu kitu.

"Huyo sikuwahi kumchukia," alisema.

Jumamosi yaya alikwenda. Alirudi alasiri mvua ikiwa bado haijashuka, matope mpaka shingoni, mzima, anaongea kabla hajaingia. Walishuka mteremko wa mizizi mitupu, alisema, wageni wote waliteremka wakasukuma, yeye peke yake hakuteremka, na huko chini walimpigia makofi, na mzee mmoja wa Kizungu alimpiga picha. Mgongo? Mgongo hakuna kitu. Alivua viatu vyake vya michezo, akavaa slipa, akatoka kwenda kunawa kwenye bomba la uani, akarudi bado anaongea, akakaa kwenye kigoda, akavuta sahani.

Mguu wake wa kushoto ulikuwa mtupu.

Slipa ilikuwa imebaki kwenye tope huko nje, hatua nyingi nyuma. Alikuwa amepita bila hiyo juu ya kokoto na vipande vya mkaa, na unyayo wake ulikuwa na vipande hivyo vimeganda. Shemeji aliutazama mguu. Mimi niliutazama. Yeye alikuwa amefika kwenye makofi tena.

"Papa," shemeji alisema, "slipa yako nyingine iko wapi?"

Akainamisha macho. Aliutazama mguu wake muda mrefu, kwa adabu, kama unavyomtazama mtu aliyekaa mahali pako.

"Imetoka," akasema.

"Imetoka saa ngapi?"

Hakujua. Akaunyanyua, na mguu ukachelewa kidogo kuja.

"Ni baridi. Ni yale maji ya bomba."

Shemeji akapiga magoti mbele yake, akaushika kifundo, akaleta ukucha wa kidole karibu na unyayo. "Fumba macho. Unasikia?"

"Nasikia," yaya alisema haraka. "Nasikia, mama."

Kidole kilikuwa hakijamgusa.

Shemeji akauweka mguu chini taratibu. Akaupangusa mkaa kwa ncha ya kitenge chake. Yaya alikula, kwa sababu chakula kilikuwepo.

Asubuhi ya Jumapili shemeji hakuvaa nguo ya kanisani. Aliniita upande wao wa pazia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Shemeji, njoo hapa. Mkono mmoja weka chini ya nyonga, mwingine chini ya bega. Usivute, ukivuta unamchuna. Sukuma, tena sukuma kwa kifua, siyo kwa mikono."

"Mimi bado natembea," yaya aliiambia dari.

"Najua, papa. Tulia mdogo wako ajifunze."

Nikamgeuza. Alikuwa mzito, wa moto, ananukia sabuni, na hakunisaidia wala hakunizuia. Shemeji akakisogeza kiwiko cha mkono wangu, akaniambia nirudie ubavu wa pili. Akanionyesha mafuta ya kumpaka yanapokaa. Akaniambia kesho nimpeleke kwa daktari yuleyule, nisikubali kuambiwa nirudi wiki ijayo, nikae pale pale kwenye benchi. Maneno yake yalikuwa yamepangwa vizuri. Nadhani alikuwa ameyapanga tangu siku ya mfereji.

Vitenge alikwisha vifunga. Alisema atakuwa kwa dada yake, upande wa pili wa mji.

Yaya hakumwomba abaki. Alisema, "Baiskeli uichukue ukaiuze. Wewe ndiye uliyeichagua."

"Niliyoichagua mimi ilikuwa na springi nyuma," shemeji alisema, bila ukali, na akamwekea sawa kola ya shati, kwa vidole viwili, kama alivyomfanyia kila Jumapili.

Akajitwika furushi. Mlango wetu huvimba wakati wa mvua. Aliuvuta mara ya kwanza ukagoma, akauvuta tena, ukafungika.