Nilivyomtunza Mwanangu Kwenye Mhadhara wa Samurai

Mimi nilikuwa nikijisifu kwamba hakuna kitu duniani cha kunishangaza, nimetoka Tanga na darasa langu la saba na leo nina gereji ya matairi hapa ughaibuni, mtaa wa Nechells, mafundi wanne, jina langu mlangoni kwa herufi kubwa, kwa hiyo naona haya hata kuwasimulia kilichonipata ndani ya ukumbi wa chuo kule Edgbaston, tena mchana kweupe.

Binti yangu Zuhura anasoma historia ya Japani. Tangu mama yake afariki tumebaki wawili, yeye chuoni, mimi nyumbani Castle Vale na televisheni yangu, na nikimpigia simu dakika mbili tu maneno yametuishia (mimi naongea Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza). Nikaona kwenye status yake kwamba atatoa mhadhara, maneno ya Kijapani ya miaka ya mwisho ya utawala wa samurai. Hakunialika. Nikasema mimi si mtu wa kusubiri kadi, nikakaa wiki tatu gerejini najifunza kwenye simu, bakumatsu, ndiyo hiyo miaka yenyewe, kurofune, merikebu nyeusi za wageni zilizowatia kiwewe, nayataja huku nafungua nati, ili tukitoka pale tuwe na la kuzungumza. Na njiani, sijui nani alinituma, nikapita benki nikatoa noti kumi mpya za pauni ishirini.

Nikakaa nyuma kabisa. Zuhura akafika kwenye neno ronin, samurai aliyepoteza bwana wake, akaeleza anavyozunguka na upanga wake, hana wa kumtumikia, hana pa kurudi, na alivyolitamka, jamani, mwili ukanisisimka, nikaona anamsema mtu ninayemjua. Sasa kwetu mtu akikugusa hivyo jukwaani unafanyaje? Unamtunza! Nikainuka, mabega yanacheza, noti juu.

"Huyo mwanangu huyo! Sema, mama, sema!"

Nikampachika ya kwanza begani, ya pili kichwani, watu wote kimya, mimi nikadhani wamependa. Nisionekane mchoyo, nikamchomekea na profesa mgeni kutoka Japani, mfukoni mwa koti.

Mzee wa watu akasimama, akanirudishia noti kwa mikono miwili, akainama. Nami nikainama (nilijifunza kwenye video), yeye akainama zaidi, mimi sikubali kushindwa, nikashuka mpaka kichwa kikafika magotini, makalio yakasukuma meza iliyokuwa nyuma yangu, projekta chini, pwaa! Picha ikapotea ukutani.

"Baba, kaa chini," akasema Zuhura, kwa Kiswahili safi, sijamsikia hivyo tangu msiba. Halafu akaja karibu, macho mekundu: "Please. Nenda nyumbani. Nitakupigia."

Tangu siku hiyo nimeapa, simtunzi mtu mahali pasipo na ngoma, na siendi nisikoalikwa hata kwa damu yangu.

Siku ya tisa simu ikaita, jina lake, nikaacha gari la mteja juu ya jeki nikakimbilia nje nisikie vizuri.

"Dad, bili ya projekta imekuja kwa jina langu."

Nikamwambia tuma tu mwanangu, nalipa sasa hivi, na Jumapili uje, nitapika pilau. Akasema ataangalia.

Pauni mia sita na kumi na nne, na peni hamsini.