Mahali Alipoishia Marvel

Arlys Tveit alikuwa na mkono wa kukaza. Ndivyo walivyosema wanawake wa Jumatano, na hawakumsingizia. Glavu alizofuma zilizuia maji, soksi zake karibu zisimame zenyewe sakafuni, na kofia aliyomfumia mchungaji ilimwachia alama nyekundu kwenye paji la uso iliyodumu ibada nzima. Dada yake, Marvel, alikuwa kinyume chake. Marvel alifuma huku anaongea, anacheka, ananyanyuka kuangalia viazi jikoni, na vitanzi vyake vya uzi vilikaa kwa raha zao. Wote wawili walifundishwa na mama mmoja, kwenye benchi moja, kwa sufu ya kondoo walewale. Lakini ukiwapa sindano za unene mmoja na kuwaambia wafume vitanzi arobaini, kipande cha Marvel kingezidi cha Arlys kwa upana wa vidole viwili.

"We unafuma kama mtu anayefunga mlango wezi wasiingie," Marvel alikuwa akimwambia.

"Na wewe unafuma nyavu," Arlys alimjibu. "Samaki wadogo wote wanapita."

Walitaniana hivyo kwa zaidi ya miaka sitini na utani wenyewe haukuchakaa. Arlys alikuwa mdogo kwa miaka miwili. Alifanya kazi posta ya mji wetu wa Torvik, kaskazini kabisa mwa Minnesota, kwa miaka thelathini na moja. Hakuolewa, na hakuwahi kuuza hata soksi moja. Alifuma kwa sababu mikono yake haikujua kukaa bure, kisha akagawa. Hakuna mtoto aliyezaliwa Torvik ambaye hakuvishwa kofia ya Arlys na kulia kwa kubanwa. Kila Jumatano alikwenda na dada yake kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, ambako wanawake saba walikaa na kahawa yao na kufuma hadi saa sita, wakichambua kazi za wenzao kwa macho makali kuliko ya hakimu.

Marvel alifariki Januari. Kwetu mtu akifa Januari hazikwi Januari. Ardhi inakuwa imeganda kama saruji, kwa hiyo marehemu huwekwa kwenye chumba cha mawe pale makaburini, akasubiri Mei. Kuna ibada ya kwanza, watu wanaleta mabakuli ya viazi na nyama ya kusaga, wanakula, wanaondoka. Halafu unabaki miezi minne na mtu wako ambaye amekufa na hajazikwa. Wageni huona ni ukatili. Sisi tumezoea, au tunajifanya tumezoea.

Wiki ya pili baada ya ibada hiyo, shemeji yake Orrin, mume wa Marvel, alibisha hodi mlangoni kwa Arlys akiwa na mfuko wa dukani ameukumbatia.

"Karibu ndani, shemeji."

"Hapana, viatu vina theluji." Akabaki amesimama juu ya zulia la mlangoni. "Hii ni ile sweta. Alikuwa ananifumia mimi. Nimeibeba vilevile alivyoiacha, sijagusa sindano."

Arlys alichungulia mfukoni. Sweta ya buluu nzito. Mgongo ulikuwa tayari, mikono yote miwili tayari, na sehemu ya mbele imefika kifuani, vitanzi bado viko kwenye sindano vikingoja mstari unaofuata.

"Nitaimaliza."

"Siku ya kumzika nataka niwe nimeivaa."

"Utaivaa, shemeji."

Orrin hakuondoka. Alifungua mdomo, akaufunga, akaangalia viatu vyake. Maneno ya wanaume wa kwetu hutoka kwa taabu, kama jino.

"Barabara ya ziwani ina utelezi," alisema mwishowe.

"Nimesikia."

"Basi." Na akaenda zake.

Kumalizia kazi ya marehemu lilikuwa jambo la kawaida kwa wanawake wa Jumatano. Mwenzao akifa, hukaa wakagawana alichoacha nusunusu, maana hawakubali sindano za mtu zibaki na vitanzi vyake. Lakini wengine wote walikuwa na mikono ya katikati. Arlys alijua kabisa kitakachotokea. Mahali Marvel alipoishia na yeye akaanzia, sweta ingebana ghafla, na Orrin angesimama kaburini na kitu kama mkanda kifuani, mbele ya mji mzima.

Kwa hiyo, akiwa na miaka sabini na tatu, alianza kujifunza kufuma upya. Alichukua sindano nene zaidi. Alihama kiti chake cha mbao, akakaa kwenye kochi, mahali Marvel alipopenda kukaa kila alipokuja. Aliwasha redio. Alijaribu kuongea huku anafuma, na kwa kuwa hapakuwa na mtu, akaongea na dada yake: habari za jirani aliyenunua mbwa wa tatu, habari za kahawa ya kanisani ambayo ilikuwa maji matupu. Alifuma vipande vya majaribio, akavipima kwa rula, akavifumua, akafuma tena. Jambo moja aligundua siku za mwanzo: akilia, mkono unakaza. Basi akajikataza kulia. Alijiambia atalia Mei, sweta ikishaisha, na alikuwa mtu wa kushika neno lake.

Siku ya tisa kipande chake na sweta ya Marvel vililingana. Akaitandaza ile sweta mapajani ili aanze, na hapo ndipo alipoliona kosa.

Katikati ya kifua palipanda msuko mmoja mnene, mikanda miwili ya uzi inayopishana. Kila baada ya mistari minane, mkanda wa kushoto ulipita juu ya wa kulia. Ilikuwa hivyo tangu kiunoni, isipokuwa mara moja, karibu na juu kabisa, ambapo wa kulia ndio uliopita juu. Na juu ya pale kulikuwa na mistari kumi na minne isiyo na mpangilio, kitanzi kimoja kimelegea, cha pili kimekabwa.

"Marvel," alisema Arlys, "ulikuwa unaangalia wapi, wewe?"

Msuko uliopishwa kombo hausamehewi kati ya wanawake wa Jumatano. Anayekosea hufumua, hata kama ni kazi ya wiki nzima. Ione, mkubwa wao, aliwahi kufumua blanketi zima usiku wa kuamkia ubatizo wa mjukuu wake, na mjukuu akabatizwa ndani ya taulo. Arlys alichomoa sindano. Vitanzi vilibaki wazi kidogo, vimesimama. Akavuta uzi, nao ukaja mstari baada ya mstari, umejikunjakunja kama nywele zilizofumuliwa, mpaka akapita lile kosa. Akauviringisha, akauosha, akauning'iniza bafuni unyooke. Hakuwa na wasiwasi wowote. Alijisikia kama zile Jumapili alipokuwa akimrekebisha dada yake kola ya koti kabla hawajaingia kanisani.

Alifuma Februari yote na Machi, kila jioni baada ya chakula, hakuharakisha. Aprili akaunganisha vipande, akabeba sweta kwenda nayo ukumbini.

Ione alivaa miwani yake. Alipapasa mbele, akapapasa nyuma, akaigeuza ndani nje, akaisogeza dirishani. Wengine wakasimama nyuma yake.

"Marvel aliishia wapi?" aliuliza.

"Tafuta," Arlys alisema.

"Ninatafuta, bibi. Huoni ninatafuta?" Dakika zikapita. Sweta ikazunguka meza nzima na kurudi. Ione akaikunja taratibu. "Si mbaya," alisema.

Kwetu hatusifiani hovyo. Chakula kikikolea, kijana akipata shahada, bibi harusi akipendeza, tunasema si mbaya, na aliyeambiwa hutembea nalo mwezi mzima. Arlys alirudi nyumbani kwa miguu ingawa barabara ilikuwa tope tupu. Tangu Januari hakuwa amejisikia vizuri namna ile.

Jumamosi alimpelekea Orrin. Alimkuta jikoni na kahawa ya mtu mmoja mezani. Orrin aliivaa sweta palepale, juu ya shati. Mabega yalikaa, mikono ilifika inapotakiwa, kifua hakikubana hata kidogo. Arlys alizunguka akimtazama huku na huku.

Orrin aliweka kidole gumba chini ya ule msuko, kiunoni, akakipandisha polepole, kila unapopishana anasimama kidogo. Kikafika shingoni. Akakirudisha chini, akaanza tena.

"Iko wapi ile?" aliuliza.

"Ile nini?"

"Ile iliyokwenda kombo."

"Niliirekebisha," alisema Arlys, bado ana furaha yake. "Ilipita upande usio wake. Watu wangeiona."

Orrin akavuta kiti, akakaa.

"Ile aliifuma hospitali," alisema. "Novemba. Daktari alituita ndani, akatuambia. Tukatoka, tukakaa kwenye vile viti vya nje, maana sikujua twende wapi. Yeye akachukua sindano zake akaendelea. Tumefika nyumbani ndio akaona amekosea. Nikamwambia, si ufumue? Akasema, 'Acha ikae. Mtu akiiona ajue leo ilikuwa siku gani.'"

Arlys aliutazama ule msuko kifuani pa Orrin.

"Alisema wewe ukiiona utapata wazimu." Orrin alijaribu kucheka. "Na ile mistari ya juu yake, kumi na minne, aliifumia kitandani. Siku nyingine mstari mmoja. Siku nyingine vitanzi vitano, anapumzika, anaomba maji. Mimi ndiye nilikuwa namhesabia."

"Hukuniambia, shemeji."

"Nilikuja nikuambie. Siku ile na mfuko." Alipapasa ukingo wa meza. "Nikaongea habari za barabara."

Arlys alitafuta la kusema ambalo lingekuwa na nafuu ndani yake. "Uzi ni uleule," alisema. "Sikuutupa. Niliuosha, nikaufumia tena." Na alipojisikia akisema ameuosha, alitamani meno yake yangeuma ulimi kabla.

Orrin alijitazama kifuani kwa muda mrefu.

"Si mbaya," alisema. "Inanikaa vizuri, Arlys."

Angemtukana angekuwa amemtendea wema. Arlys alifika nyumbani, akakaa kwenye kiti chake cha mbao na koti mwilini, akalia machozi yote ya tangu Januari, na mikono ikakunjana ngumi mapajani. Aliwaza kuirudia. Angeiomba sweta, afumue mpaka pale, apitishe mkanda wa kulia juu ya wa kushoto, afume mistari kumi na minne mibovu. Aliweza. Mikono yake sasa iliweza kuiga chochote. Lakini lingekuwa kosa la kuigiza, kazi ya mwanamke mwenye afya aliyekaa vizuri kwenye kochi, na Orrin angelijua. Marvel alikuwa ameacha kitu kimoja duniani kilichosema jinsi alivyokufa, na mdogo wake mwenyewe, kwa upendo na kwa umahiri, alikuwa amekifuta.

Walimzika tarehe tisa Mei. Barafu ilikuwa bado imeng'ang'ania kingo za ziwa na upepo ulitoka huko moja kwa moja. Wanawake wa Jumatano walisimama pamoja, Ione katikati ameshikwa mikono huku na huku. Orrin alivua koti lake akalining'iniza kwenye uzio wa chuma. Ione alimwambia atashikwa na kifua, yeye akasema hajambo. Akaja kusimama karibu na Arlys, mbele ya lile shimo, mchungaji akiwa anafungua kitabu chake na upepo unamfunua kurasa.

"Arlys," alisema kwa sauti ya chini. "Sikulaumu. Nionyeshe tu. Kazi yake inaishia wapi, na yako inaanza wapi?"

Arlys aliinama kuitazama sweta. Alianzia chini akapanda, kisha akatokea juu akashuka. Alitafuta kitanzi kimoja kilichokaza, kimoja tu. Wiki zote zile alikuwa amehangaika ili mkono wake usijulikane, nao haukujulikana. Hata yeye mwenyewe hakuuona. Uzi wote ulikaa kwa raha zake, toka kiunoni mpaka shingoni, kana kwamba Marvel alikuwa mzima hadi mwisho, anaongea, anacheka, ananyanyuka kuangalia viazi.

Mchungaji alikuwa anasubiri. Orrin alikuwa anasubiri, uso wake mwekundu kwa baridi.

Arlys akanyoosha kidole, akakigusisha kifuani pa Orrin, kushoto kidogo.

"Hapa," alisema.

Orrin akaweka kiganja chake pale palipoguswa, akakibana. Hakukiondoa wakati wa sala, wala jeneza lilipoteremshwa, wala watu walipoanza kumpa pole na kulazimika kumshika mkono wa pili. Arlys alisimama kando yake, mikono ameitumbukiza mfukoni, asimwambie kwamba amekisia tu.