Shemeji Badi na Gari la Kwenda Lenyewe

Mtu asiyemjua shemeji yangu Badi, mume wa dada yangu Kibibi, angedhani gari lake ni msikiti. Hupandi mpaka uvue viatu. Lilikuwa jeupe, refu, la zamani, na aliachiwa na Mjerumani mmoja ambaye Badi alimfanyia kazi ya udereva hapa Malindi, siku Mjerumani alipochoka na joto letu akarudi kwao. Mimi Chiku nimeketi kiti cha nyuma na makubadhi yangu mapajani mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Kando ya usukani palikuwa na kikono kidogo. Ukishafika mwendo unaoutaka, unakibonyeza, unaondoa mguu kwenye mafuta, na gari linakwenda lenyewe mwendo ule ule mpaka uguse breki. Badi alikiita Msaidizi. Nilimcheka sana kwa jina hilo, lakini goti lake la kulia lilikuwa limekwisha. Kukanyaga mafuta safari nzima ya Mombasa kulimtoa machozi, naye akisingizia vumbi. Bila Msaidizi, Mombasa hafiki.

Na kufika ilikuwa lazima. Mwanawe Abdulghani, aliyekuwa akifanya kazi bandarini, alikuwa ameshatoa neno: "Baba, Idi Kubwa hii njoo kwangu na gari lako, ukiendesha mwenyewe. Ukishindwa, gari tunaliuza, na wewe na mama mnahamia kwangu." Kuhamia Mombasa! Badi, ambaye akiikosa barza yake ya alasiri pale Shela hata chakula hakimshuki!

Basi mwaka huo wa themanini na sita, Msaidizi akaanza vituko. Leo anashika, kesho anaachia. Tunatoka mjini vizuri, Badi ameketi kama gavana, tukikaribia Gede gari linapunguza mwendo lenyewe na walio nyuma wanatupigia honi. "Limefanya tena!" anapiga kelele, utadhani sisi ndio tuliolituma.

Akalipeleka kwa Musembi, fundi wa Kikamba mwenye gereji njia ya Ganda. Musembi akabadilisha fyuzi. Akaipapasa mipira ya hewa mmoja mmoja, akitafuta palipopasuka. Akazifuata nyaya zote. Kisha akalitoa barabarani mwenyewe, akarudi anafuta mikono.

"Mzee, hii gari yako iko sawa kabisa."

"Fundi, haliko sawa."

"Nimeenda nayo mpaka Gede na kurudi. Haijaachia hata mara moja."

Badi akashukuru, akapitia nyumbani, kisha akashika njia ya Mombasa kulijaribu, likaachia. Akarudi gereji, kwa Musembi likawa na adabu zake. Likarudi nyumbani, likamkatalia. Mambo yakawa hayo hayo mpaka mimi nikamwambia, "Shemeji, gari limempenda Musembi. Wape ruhusa wafunge ndoa." Hakunisemesha siku nzima.

Idi ilipokaribia, Musembi akakasirika. Fundi naye ana heshima yake, ati. Akasema, "Leo wewe endesha vile unaendeshanga kila siku. Mimi nitafuata na pikipiki." Tukapanda kama kawaida yetu, Kibibi mbele, mimi nyuma. Karibu na Gede, likaachia. Musembi akatupita mbio, akatusimamisha kando ya barabara.

"Mzee, wewe unakanyaga breki!"

"Mimi? Na goti hili? Wallahi sijagusa breki!"

"Taa za breki zimewaka! Nimeziona na macho yangu!"

"Basi macho yako mabovu!"

Wakazozana mpaka wauza mapapai wa pale wakaja kuamua. Mwishowe Musembi aliacha maneno, akapiga magoti, akachungulia miguuni pa Badi. "Na hii ni nini?" akauliza.

Ulikuwa mkeka. Dada yangu aliushona baada ya Ramadhani, wa ukindu wa rangi, utandikwe miguuni pa dereva, maana gari la kuvuliwa viatu haliwezi kutandikwa mpira kama lori. Na kila alipokwenda gereji, Badi aliutoa kwanza akauacha nyumbani, usije ukapata girisi. Musembi wa watu hakuwahi kuuona. Mkeka wenyewe ulikuwa umezidi shubiri nzima. Badi akinyoosha goti, kisigino kinausukuma mbele, unavimba, unaegemea kanyagio la breki. Kidogo tu. Na Msaidizi akihisi breki, anaacha kazi.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. "Dada! Wewe uliyewashonea mikeka maharusi wa nusu ya Malindi, leo umezidisha shubiri nzima? Ulipima na nini?"

"Nilipapasa kwa mkono," Kibibi alisema. Hakucheka. "Pale chini pana giza."

"Giza gani, na wewe ulipima saa nne asubuhi?"

Badi akageuka akamtazama mkewe. Akanyoosha kidole kwenye meza ya wale wauzaji, hatua chache kutoka dirisha la gari. "Kibibi, mapapai yale yameiva?"

"Mapapai gani?" dada yangu akauliza.

Kicheko kilinikauka, nikaona haya, na moyo ukaniuma hasa. Nyumba zetu zimepakana ukuta, na mimi sikujua. Kibibi akajifuta uso kwa buibui. "Abdulghani asijue," akasema. "Akijua tu, tutahamishwa."

Siku ya safari mkeka ulibaki nyumbani. Msaidizi alishika mpaka feri ya Kilifi, na tulipovuka akashika tena. Badi, ambaye akiendesha huwa hasemi na mtu, siku hiyo alikuwa na maneno. "Mkonge huo wa Vipingo, Kibibi, umepandwa safu safu mpaka kule mwisho."

"Naujua mkonge ulivyo. Wewe tazama njia."

Tukafika. Abdulghani akateremka ngazi mbio, akalizunguka gari zima, kisha akaushika mkono wa baba yake akaubusu. "Haya, baba, umenishinda. Gari ni lako, na Malindi yako ikae na wewe."

Badi ninayemjua mimi angetamba hapo mpaka Magharibi. Hakutamba. Kibibi akamfinya mkono, nikaona kabisa, akamfinya kwa nguvu.

"Mama yako haoni," Badi akasema. "Idi ikiisha, mtafutie daktari wa macho. Sisi tutakaa kwako."

"Nilikwambia unyamaze," dada yangu akasema.

"Uliniambia."

Akamkabidhi Abdulghani funguo za gari, akamshika mkewe mkono, wakaanza kupanda ngazi, yeye na goti lake.