Mgeni Aliyecheka Kabla ya Redio

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, usije ukausikia kwa watu wakautia chumvi: mtu aliyeniokoa roho yangu nilimwitia mwizi. Tena si kwa sauti ya haya. Niliuvuta ule ukelele kutoka tumboni, ukafika mpaka ng'ambo ya mto. Nawe unajua, kwetu mtu akiitiwa mwizi, watu hawatoki mikono mitupu. Ningemuua. Kama ni mtu wa kuuawa, lakini hilo tutalifikia.

Sikuhadithiwa kisa hiki, sikukiota, na siku hiyo sikuwa na homa. Kilinikuta mimi, hapa hapa Mbwera, asubuhi kweupe. Wenzangu mambo kama haya huwakuta usiku wa manane, wakitoka wanakokujua wenyewe. Mimi usiku nimelala. Hata mchana sitoki.

Hilo la kutotoka ulishike, maana ndilo lenye kisa. Mimi ni mtu wa ndani. Nilitoka mara moja, nikaenda Kibiti kusoma mpaka kidato cha nne, nikarudi, nikaona safari hiyo inanitosha maisha. Kazi yangu ni kusuka mikeka, na mkeka haudai mtu atembee. Marehemu mume wangu aliniachia nyumba ya udongo, ndogo, na redio. Wenzangu wakienda kwenye mpunga, wakienda harusini, mimi niko na ukili wangu mkononi na redio yangu pembeni. Walinipa jina: Mlinzi wa Kizingiti. Sikukasirika. Umewahi kusikia kizingiti changu kimeibwa?

Na usidhani nilikuwa sijui yanayoendelea duniani. Nilikuwa najua kuliko hao wanaotembea. Kila asubuhi kuna kipindi kinaitwa Chungu cha Asubuhi. Watangazaji wake ni wawili, Kaka Mbiu na Dada Sikujua, na wakianza kubishana chai inapoa mkononi. Kwanza wanapakua mastaa: nani kaachwa, nani karudiwa, nani anajionyesha na gari la kuazima. Halafu siasa, wanampigia simu mheshimiwa, wanamkaanga taratibu bila mafuta. Mwisho utamaduni, ngoma na mila, na ule ubishi usiokwisha wa kama mama mkwe anaruhusiwa kukata mauno kwenye harusi ya mwanawe. Mimi nasema anaruhusiwa, lakini sikuulizwa.

Sasa, kwetu huku kwenye visiwa vya mtoni masafa ni ya kubahatisha. Katika nyumba yangu yote redio ilikuwa inashika mahali pamoja tu, kwenye kona ya ukumbini, na waya wa antena ufungwe kwenye msumari wa ukuta wa nyuma. Na ukuta wa nyuma, masika ile, ulikuwa unaondoka. Udongo umelowa, fito zimechungulia nje, ufa umepanuka mpaka kiganja kinaingia. Jirani yangu Mama Hadija, mwanamke asiyejua kunong'ona, alikuwa akipita kila siku kunisomea hukumu.

"We mwanamke, ukuta huo umesharukuu. Ukija kusujudu utasujudu juu yako. Chukua godoro lako, njoo kwangu."

"Kwako redio haishiki, Mama Hadija."

Niamini, ndivyo nilivyomjibu. Ukuta unaniinamia kichwani, nami nampa jibu la masafa.

Wiki hiyo, ukitaka kujua, nilikuwa na sababu. Kulikuwa na msanii mmoja wa singeli na mkewe mwigizaji. Pete ya ndoa imepotea, mke analia redioni, mume anaapa hajui, na Dada Sikujua ameahidi kwamba Ijumaa atamtaja aliyekutwa nayo. Wewe ungehama nyumba katikati ya jambo kama hilo?

Basi mapema katika wiki hiyo, nimeshaswali alfajiri, nimewasha redio, nikasikia hodi. Mlangoni kasimama mwanamke wa makamo, kanga zake zimepauka, tope limempanda mpaka magotini.

"Mwanangu, natoka ng'ambo," akasema. "Nimesikia redio, nikaona nipumzike nisikilize."

Huku kwetu kila mtu anatoka ng'ambo ya mahali fulani, kwa hiyo sikuuliza ng'ambo ipi. Nikamkaribisha mkekani, nikampa chai na muhogo wa kuchemsha. Najua unachofikiria. Na mimi nilimtazama miguu. Ilikuwa miguu ya mtu, tena yenye magaga. Wanasema majini hawali chumvi. Huyu alikula muhogo, akaomba wa pili, akaniambia chumvi haijakolea.

Tukasikiliza. Katikati ya habari za mastaa, bi mkubwa akacheka, kicheko kizuri cha kushika mbavu. Nikamtazama, kwa sababu Kaka Mbiu alikuwa hajasema kitu cha kuchekesha. Ndiyo kwanza akakisema. Nikacheka na mimi, peke yangu, kwa kuchelewa, kama mtu aliyefika msibani watu wanarudi kutoka makaburini.

Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Mimi msomi wa kidato cha nne nilijipa elimu. Nilishasikia kwamba wanaosikiliza kwa simu sauti huwafikia ikiwa imechelewa. Nikasema basi redio yangu nayo imezeeka, inachelewa, na bi mkubwa ana masikio makali, anasikia redio ya nyumba ya pili. Nyumba ya pili ni kwa Mama Hadija, ambako redio haishiki. Hilo sikulikumbuka.

Kesho yake akaja tena. Kwenye siasa alikuwepo mheshimiwa mmoja anaulizwa habari ya gati lililoahidiwa. Bi mkubwa akatafuna muhogo, akasema, "Atasema mchakato uko mbioni." Mheshimiwa akakohoa, akasema mchakato uko mbioni. Hilo halikunishtua hata kidogo. Hata paka wangu angelijua. Lakini wakafika kwenye utamaduni, wakasema watapiga ngoma ya zamani ya pwani, na nikaona kisigino cha bi mkubwa kinapiga sakafu, du-du, du-du, na ngoma bado. Ngoma ilipolia ikakuta kisigino kiko njiani zamani, wakaenda sawasawa.

Siku iliyofuata alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Masikini," akasema, "na mama yake bado yu hai." Nikataka kuuliza mama ya nani. Dada Sikujua akabadilisha sauti, akatangaza msiba wa mpiga kinanda mmoja wa taarabu, kijana tu, ameacha mama.

Hapo ndipo nywele ziliponisimama. Mtu mwenye akili angetoka mbio, angemwita sheikh, angesoma chochote anachokijua. Mimi nilifanya nini? Nilimsogelea mgeni wangu nikamuuliza, kwa sauti ya chini, "Bi mkubwa, na ile pete atakutwa nayo nani?"

Wallahi, ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Alinitazama. Kisha akautazama ule ukuta, kuanzia chini mpaka kwenye msumari wa waya. "Hilo, mwanangu," akasema, "hutalisikia ukiwa humu."

Nikaudhika. Nikaona ananinyima kusudi.

Usiku wa kuamkia Ijumaa mvua haikupumzika. Ikakatika karibu na alfajiri, kukawa kimya, unasikia matone tu yanavyodondoka kwenye makuti. Nikaswali, nikafunga waya wangu, nikakaa konani nimeegemea ukuta wangu unaorukuu, ukili mkononi. Bi mkubwa akaja. Hakupiga hodi, hakukaa, chai hakuitazama. Akasimama tu.

Kipindi kikaanza. Dada Sikujua akakizungusha weee, akatuvuta, akatuambia tushike vifua vyetu. Nami kifua nimekishika kweli. Akasema, "Wapendwa, pete imepatikana, na aliyekutwa nayo ni..."

Bi mkubwa akaziba masikio kwa viganja vyote viwili. Akakunja uso, akafumba macho, kama mtu aliyesikia kishindo kikubwa karibu yake. Mimi sikusikia kitu. Kulikuwa na nini cha kuzibia masikio? Akafumbua macho, akainama, akaichomoa redio yangu kwenye waya, akatoka nayo.

Ndugu yangu unayenisikiliza, angechukua sufuria ningemwachia. Angechukua mkeka ningesema riziki yake. Angeniambia, "Toka, ukuta unaanguka," ningemjibu kama nilivyokuwa nikimjibu Mama Hadija. Lakini redio! Na jina la mwenye pete liko mdomoni mwa Dada Sikujua! Nikaruka kizingiti nilichokilinda miaka yote, kanga moja kifuani, peku, nikateleza, nikainuka, nikapiga ukelele: "Mwiziii! Mwizi wa redio jamani! Mwiziii!"

Nilikuwa namwona mbele yangu, hakimbii, anatembea tu, na mimi ninayekimbia simfikii. Redio inasema mkononi mwake, haina waya, haina msumari, na sauti ni safi kuliko nilivyowahi kuisikia. Lakini nilikuwa napiga kelele mno, sikushika neno.

Nimefika usawa wa migomba ya Mama Hadija, nikasikia mlio nyuma yangu. Si mlio wa ghafla. Ni kama mzee mnene anayekaa chini kwa kuguna. Nikageuka. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeingia ndani na paa limeufuata. Ile kona haikuwepo. Palikuwa na lundo la udongo na miti na makuti, na vumbi la ajabu kwa nyumba iliyolowa vile.

Nilikaa pale pale topeni.

Watu walikuwa wameshatoka, mapanga mikononi, na Mama Hadija na mwiko wa uji. "Yuko wapi mwizi?" Nikanyoosha kidole. Hapakuwa na mtu. Redio ilikuwa imekaa juu ya kinu cha Mama Hadija, imesimamishwa vizuri, inakoroma shhh, haishiki kitu, kama ilivyo desturi yake upande ule.

Wanaume wakafuata nyayo. Sisi ni watu wa tope. Mtu wa hapa akiona wayo atakwambia umepita saa ngapi. Nyayo zilikuwepo, zimetoka mlangoni kwangu mpaka kwenye kinu. Lakini wayo wangu ulikuwa mbichi, kingo zake bado zinamomonyoka. Wa kwake ulikuwa umejaa maji ya mvua mpaka juu, na majani yaliyoangukia humo yameshalainika. Mzee mmoja akachuchumaa, akatia kidole, akasema, "Huyu mwizi wako kapita hapa jana."

Mapanga yakateremka.

Tangu hapo kila mtu ana lake. Sheikh anasema Mungu ana viumbe wake wengi, nishukuru nisichunguze. Wengine wanasema mzimu wa mtoni. Tumeulizia vitongoji vyote vya ng'ambo, hakuna anayemjua mwanamke wa namna ile. Mimi najua alikuwa mtu aliyesikia mambo yakiwa bado njiani, na alipousikia ukuta wangu ukianguka hakuniacha chini yake. Angeweza kuziba masikio akaenda zake.

Nilikaa kwa Mama Hadija mpaka masika ikaisha. Kisha wale wale waliotoka na mapanga wakaja na miti na fito, wakasimamisha, wanawake wakakanyaga udongo, wakakandika. Nilipika muhogo wa watu wote, na safari hii nilitia chumvi. Mikeka yangu mipya yote ya mwanzo niliitoa sadaka msikitini. Nikiswali, namtaja bila jina: yule mgeni, Mola, unamjua.

Redio nasikilizia nje siku hizi, barazani, waya umefungwa kwenye mti mrefu tuliousimika uani. Natembea pia, kidogo, nimefika mpaka harusini. Lakini nimebaki na kilema kimoja ambacho hakijaniacha: Kaka Mbiu akikaribia kutania, sicheki. Nanyamaza kwanza, nasikiliza mkekani, pale ninapoweka kikombe cha pili. Na pete sijui mpaka leo alikutwa nayo nani. Kila ninayemuuliza siku ile alikuwa anakimbiza mwizi.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayenisikiliza na ukuta wako umeinama. Mgeni akibisha hodi asubuhi, mpe chai. Akicheka kabla ya kichekesho, usibishane naye. Na akichukua kitu chako unachokipenda akatoka nacho, mfuate kwanza, ukelele baadaye.

Nilipomaliza kumsimulia Mama Hadija haya kama ninavyokusimulia, alikuwa anachambua mchele wala hakuinua uso. Nikamuuliza anaonaje. Akasema:

"Mungu alijua malaika hutamfuata, jirani, ndiyo maana akakuletea mwizi."