Muke wangu amepumuzika kwa mara ya kwanza, nami nimebaki na binti yetu mulemavu juma zima

Wakuu wa jukwaa, jambo kwenu wote.

Ninaandika viatu vikiwa bado miguuni, tumetoka bandarini sasa hivi. Ni mambo yangu mwenyewe, na pale panaponiaibisha sitaruka.

Mimi ni mufanyakazi wa reli hapa Kalemie. Binti yetu Riziki ana miaka munane. Hatembei, hasemi, na kumulisha tu kunaweza kumaliza saa nzima.

Miaka yote hiyo muke wangu ndiye aliyemulisha, kumuogesha, kumubeba. Mimi? Nilikuwa ninatafuta kazi za kuongeza ili nichelewe kurudi. Dada yangu aliposema ugonjwa umetoka upande wa wakwe zangu, sikumutetea muke wangu. Hapo munitukane tu, ninastahili.

Muke wangu akaanza kukauka. Haendi kanisani, hasuki nywele, ukimuuliza kitu anajibu "ndiyo" bila kusikia.

Siku moja jirani mupya, Mama Anto, akapita kwetu. Na yeye ana mutoto mulemavu. Hakuuliza habari za Riziki. Alimutazama muke wangu, akasema, "Na wewe, Mama, unalala?"

Muke wangu alilia mpaka bukari, ugali wetu, ikaungua jikoni.

Mama Anto akamupeleka kwa wazazi wenzao wanaokutana Jumamosi kwenye chumba cha parokia. Nikaitwa na mimi. Nikakataa mara mbili. Mara ya tatu nikaenda, nikakaa karibu na mulango, tayari kutoroka.

Papa Anto, mume wa yule jirani, akasimama: "Miye nilikuwa ninajificha kazini. Nilimuogopa mutoto wangu mwenyewe."

Wakuu, nililia mbele za watu.

Tulipofika nyumbani nikamwambia muke wangu, "Nenda kwa mama yako, kule Kirungu, juma moja. Nitabaki na Riziki."

"Utaweza?"

"Sijui. Lakini nenda."

Tangu Riziki azaliwe, mama yake hakuwahi kulala mbali naye.

Siku ya kwanza ilikuwa vita! Uji ukutani, uji kwenye shati, Riziki analia, na mimi karibu nilie. Nikamupigia Papa Anto.

"Usimulazimishe," akaniambia. "Ungoje afungue kinywa mwenyewe."

Nikangoja. Akafungua! Akamaliza kikombe! Nilipiga kelele, majirani wakafikiri kuna goli.

Siku ya nne nikamufunga mugongoni kwa kitenge, tukaenda soko. Mama mumoja muuza ndagala, wale samaki wadogo, akanihurumia: "Pole, Papa. Mama yake alikufa?"

"Hapana, Mama. Yuko kwa mama yake, njo anapumuzika!"

Wakacheka wote. Riziki naye akacheka, kicheko chake nikakisikia kwenye mbavu zangu.

Leo muke wangu ameshuka kwenye boti. Amenona, wakuu! Akanyoosha mikono amuchukue Riziki. Riziki akanikamata shingo, akakataa kuniacha.

Niliogopa mama yake ataumia. Wapi! Alicheka mpaka machozi, akatua mufuko chini, akasema, "Hee! Sasa mutoto wangu iko na wazazi wawili."

Nilichojifunza ni hiki: si Riziki aliyemuchosha muke wangu. Ni upweke, na mimi njo nilimuletea.

Wenye watoto kama wetu, wewe na mwenzako mulilala usingizi wa kushiba mara ya mwisho lini? Semeni hapa chini bila haya. Nitawajibu wote, ila munipe muda nimuogeshe binti yangu. Zamu ni yangu.