Ndugu wa Damu Mlangoni

Mwaka ule nilikuwa namtunza bibi kizee wa kizungu katika fleti ya ghorofa ya tisa, mtaa wa South Beach, Durban. Nilimwita Madam. Mtafiti mmoja wa Uingereza alikuwa amemwandikia kwamba mama mzazi wa bibi yake aliuawa kwa kisu London, enzi za Malkia Victoria. Madam alifurahi kama aliyepewa cheo. Kila jirani aliyekuja kunywa chai alisomewa barua ile.

Kisha mtafiti akampata kitukuu mwingine wa marehemu, naye anaishi hapa hapa Durban. Madam akamwalika, akanituma ninunue keki. Jumamosi nilipofungua mlango nilimkuta mama mzee mwenye rangi kama yangu, amevaa gauni la kanisani, ameshika bahasha yenye picha ya marehemu.

“Nimekuja kumwona ndugu yangu,” aliniambia.

Madam alimtazama kutoka kwenye kiti chake. “Mwambie kwamba mtafiti amekosea,” akaniambia mimi, ingawa mgeni alikuwa hatua chache tu kutoka kwake.

Nilikuwa naihitaji ile kazi. Nikamgeukia mgeni nikasema, “Mama, mtafiti amekosea.”

Hakumtazama Madam, alinitazama mimi. “Na wewe unaamini hivyo?”

Nilifunga mlango taratibu, nikamsikia akikohoa pale nje, akingoja lifti ambayo siku zote ilichelewa.

Jioni Madam alisema hana hamu ya keki, nile mimi. Nilikula vipande viwili, na ilikuwa tamu.