Kuvu Iliyozidi Sahani

Saidati, fundi cherehani wa mjini Gisenyi, alirudi shuleni akiwa na miaka thelathini na minne, na watu walimcheka weee mpaka wakachoka wenyewe. Akawaambia elimu haina mwisho. Akashona asubuhi, akasoma alasiri. Sasa kuvu, takataka ile inayoota kwenye mkate uliolala, ilikuwa inataka kumrudisha nyuma.

Siku nane alipima doa la kuvu kwenye kipande cha mkate, ndani ya kisahani cha kioo chenye kifuniko na upana wa sentimita tisa. Jaribio lisipokubaliwa, hafanyi mtihani wa taifa mwaka huu. Na siku ya nane daftari lake lilisema: kumi.

"Saidati," alisema mwalimu Rutayisire, aliyekulia Tanzania na Kiswahili chake kimenyooka, "kuvu inawezaje kuwa pana kuliko sahani yake? Umezitunga namba hizi?"

"Wallahi, mwalimu, mi nilipima na macho yangu! Kila siku!"

Saidati akatazama sahani, akatazama daftari. Doa lilikuwa pale, halijafika hata ukingoni. Nani kaandika kumi? Mwandiko ni wake. Futi ni ile ile ya dukani kwake. Labda kuvu hunywea, labda mtu kaichezea, labda akili yake ndiyo imeota ukungu.

"Pima tena, mbele yangu."

Akainama, akanyoosha futi juu ya kifuniko. "Nane," alitamka. Mkono ukaandika kumi.

Wote wawili waliuona. Miaka kumi na sita mkono ule umeongeza sentimita mbili za kuachia mshono kwenye kila kipimo, na hakuna aliyeuambia kwamba kuvu haivai nguo.

Mwalimu alicheka hadi akafuta machozi. "Basi toa mbili kila siku, yaishe."

Saidati akashika kalamu, akaganda. Siku ya pili ameandika tatu. Ilikuwa moja, au tatu kweli? Na siku zile Bruce, mwenzake wa dawati, alipomsomea namba, mkono uliongeza au haukuongeza? Hakumbuki.

"Siwezi, mwalimu. Kitambaa ya mutu sijawahi kukata kwa kubahatisha."

"Majina ya watahiniwa yanapelekwa Ijumaa hii. Kuvu inataka siku nane."

"Najua." Saidati akafunga daftari. "Nipe mukate ingine."